Fabisch alishindwa fainali, lakini hakuuza mechi

Agosti 1987 nilikuwa mtoto wa shule hapa Mombasa. Siku ya fainali ya soka ya Michezo ya Afrika tulijazana barazani nje ya duka la ami yangu, redio imewekwa juu ya gunia la mchele. Harambee Stars walikuwa Kasarani, uwanja mpya kabisa, wakicheza na Misri. Tulifungwa 1-0. Wazee walinyamaza, na mimi nililia.

Kocha wetu siku ile alikuwa Mjerumani, Reinhard Fabisch. Alizaliwa 1950 katika mji wa Schwerte, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya huku kwetu Afrika. Medali ile ya fedha ilimpa jina, na baadaye Kenya ilimwita tena zaidi ya mara moja.

Lakini Zimbabwe ndiko alikopendwa zaidi. Alipewa timu ya taifa 1992, akiwa na akina Peter Ndlovu, nduguye Adam, Agent Sawu na kipa Bruce Grobbelaar. Mashabiki wakaiita Timu ya Ndoto. Februari 1993 walikwenda Cairo kutafuta nafasi ya kusonga mbele katika safari ya Kombe la Dunia. Misri ilishinda 2-1, lakini mawe yalirushwa kutoka jukwaani, na FIFA ikaamuru mechi irudiwe Lyon, Ufaransa. Huko walitoka sare ya 0-0, na Misri ikaaga.

Basi ikabaki hatua ya mwisho. Oktoba 1993 walikuwa Yaoundé na Cameroon, mechi moja tu kabla ya kwenda Marekani. Walifungwa 3-1. Miezi michache nyuma, Julai, walikuwa wamekosa pia Kombe la Afrika pale Zambia ilipopata sare ya 1-1 Harare. Ukihesabu vikombe peke yake, utasema Fabisch alikuwa kocha wa karibu-karibu. Nami kwa miaka mingi nilimhesabu hivyo.

Kilichonibadilisha ni habari za 2008. Alikuwa na Benin kwenye Kombe la Afrika nchini Ghana. Timu ilikuwa ndogo, na ilipoteza mechi zake zote tatu, mbele ya Mali, Côte d'Ivoire na Nigeria. Hapo ndipo Fabisch alipotangaza hadharani kwamba kuna mtu aliyemfuata akitaka kumpa pesa ili matokeo ya mechi yapangwe, naye akamfukuza. Fikiria: kocha wa timu inayofungwa kila siku, nani angeshuku bao moja zaidi? Angeweza kuchukua, au akakataa na kunyamaza. Yeye alisema.

Julai mwaka huohuo saratani ilimuua, akiwa na miaka 57.

Ndugu msomaji, nina sababu ya kumkumbuka. Niliwahi kufunza timu ya mtaa. Usiku wa kuamkia mechi ya mwisho ya msimu, mtu alinijia na bahasha. Niliirudisha, kisha nikafunga mlango na kufunga mdomo. Sikumwambia mwenyekiti wala wachezaji. Kesho yake beki wangu mmoja alicheza kama amefungwa miguu, tukapigwa mabao manne. Mpaka leo sijui kama bahasha ile ilipitia mlango wa pili, na kutojua huko ni kosa langu mwenyewe.

Kukataa hongo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusema, ili anayeitembeza asipate mlango wa jirani. Vijana wetu wanaocheza viwanja vya vumbi hapa Pwani wanafundishwa pasi na mashuti. Makocha wao wawafundishe na hili, na viongozi wa ligi wawe tayari kumsikiliza atakayesema.

Mungu amrehemu Mjerumani wetu.