JM kwa Mapenzi

Yupo mwalimu mwenzangu ambaye hukasirika akifupishiwa jina. Kwake hiyo ni dharau. Mimi humkumbusha habari za Josiah Mwangi Kariuki. Alizaliwa mwaka 1929 huko Kabatini, karibu na mji wetu wa Nakuru, akakulia katika mashamba ya walowezi, ambako hata mzee mwenye wajukuu aliitwa boi. Dharau ilikuwa hiyo! Mwaka 1946 alishinda dau la mbio za farasi, akajilipia karo. Wakoloni walimweka kizuizini tangu 1953 hadi 1960. Akiwa mbunge aliwatetea wasio na ardhi, nao wakamwita JM. Alipouawa Machi 1975, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana. Na hadi leo wazee wetu humtaja kwa herufi hizo mbili, sauti ikishuka.