Gaston Planté: Mfaransa aliyetuachia betri ya gari

WENYE pikapu za kubebea mazao, matrekta na teksi hununua betri mpya kila baada ya miaka michache. Wachache wanajua kuwa kifaa hicho kilibuniwa kabla gari lenyewe halijakuwepo.

Aliyekibuni ni Gaston Planté, Mfaransa aliyezaliwa Aprili 22, 1834, katika mji wa Orthez. Mwaka 1854 alianza kazi mjini Paris kama msaidizi wa mwanafizikia Edmond Becquerel. Mwaka uliofuata aliokota karibu na jiji hilo mabaki ya ndege mkubwa wa kale asiyeruka, na wataalamu wakampa ndege huyo jina la Gastornis kwa heshima yake.

Lakini sifa yake kubwa ilikuja mwaka 1859. Betri za wakati huo zikiisha nguvu, zilikuwa zimekwisha. Planté alichukua mabati mawili ya madini ya risasi, akayatenganisha ili yasigusane, akayakunja pamoja kama mkeka na kuyatumbukiza katika maji yaliyochanganywa na tindikali ya salfuriki. Alipopitisha umeme, chombo kiliuhifadhi na kuutoa baadaye, kisha kikachajiwa tena. Mwaka 1860 aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa betri yenye vyumba tisa.

Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, alipaka mabati hayo uji mzito wa oksidi ya risasi, na betri zikaanza kutengenezwa viwandani. Planté alifariki dunia Mei 21, 1889, magari yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Stata ya umeme ilikuja katika magari ya Cadillac mwaka 1912, na hapo betri ikawa ya lazima.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti mbili. Ndani bado mna risasi na tindikali zile zile za Planté, na hatari zake ni zile zile.

Tindikali huunguza ngozi na kupofusha macho. Vaa glavu na miwani. Ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia machoni, endelea kuosha na uende hospitali. Maji yakipungua kwenye betri ya kuongezwa maji, ongeza yaliyosafishwa maalumu kwa betri, si ya bomba wala tindikali.

Betri inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Chaji mahali penye hewa, mbali na sigara, kibatari na jiko.

Unapobadilisha, zima injini na uvue pete na saa. Katika magari mengi upande wa hasi umeunganishwa na bodi, hivyo fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Wakati wa kufunga anza na chanya, malizia na hasi. Inyanyue betri ikiwa wima, na hakikisha mpya ina volti sawa na ya zamani.

Betri iliyokufa usiivunje nyumbani wala kumwaga tindikali shambani. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya.

Betri chakavu ina thamani, kwani risasi yake huyeyushwa na kutengenezea nyingine. Irudishe kwa muuzaji anayepokea za zamani, na umuulize atakupunguzia kiasi gani kwenye bei ya mpya.