Krapf Ukambani: Mdaiwa Asiye na Ukoo

Jina la Johann Ludwig Krapf si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Aghalabu hutajwa kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882. Linalosahauliwa ni kwamba mtu huyu, aliyetafutia Injili maneno katika lugha zetu, aliwahi kudaiwa damu Ukambani.

Alizaliwa Derendingen, Ujerumani, tarehe 11 Januari 1810, akalelewa katika imani ya Kilutheri: Mungu ni hakimu asiyepuuza dhambi, ila deni limelipwa na Kristo, basi mwanadamu huokolewa kwa neema. Alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga.

Mwaka 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya. Alirudi mwaka 1851. Mwezi Agosti, karibu na mto Tana, msafara wao ulivamiwa, Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga nyikani, akihifadhi maji ndani ya mtutu wa bunduki, hadi akawafikia watu wa Kivoi. Hao wakamlaumu: iweje mgeni arudi hai ilhali mwenyeji wake amekufa? Maisha yake yakawa hatarini.

Lawama hiyo haikuwa ushenzi, kama wageni wengi walivyopenda kuandika. Kwa Wakamba damu ilikuwa deni la ukoo. Mifugo ya fidia ndiyo iliyorejesha amani. Krapf hakuwa na ukoo wa kumlipia. Alikuwa, kwa hakika, yule mdaiwa asiye na kitu aliyezoea kumhubiri. Akatoroka usiku, na baada ya taabu nyingi akarejea Rabai. Aliokoka, kwa maana ya asili ya neno hilo, kabla halijawa la kanisani.

Hapa ndipo penye fundo. Husemwa kwamba Mwafrika alikijua kisasi tu, rehema akaletewa. Sikubaliani. Mkamba alijua vyema kwamba mmoja hukosa na wengine wakalipa. Hivyo fundisho la Kristo kulipa deni la mwenzake halikuwa kioja kwake. Kioja ni kwamba mlipaji ndiye huyo huyo aliyekosewa. Ni ukoo gani uliofiwa ungetoa ng'ombe wake kumfidia muuaji? Haki imetimia hapo, au imekiukwa? Neno letu haki halitusaidii sana, kwa kuwa katika Biblia ya Kiswahili hubeba uamuzi wa hakimu pamoja na uadilifu anaohesabiwa mkosaji.

Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853, akafia Korntal tarehe 26 Novemba 1881, bila kuacha kanisa Ukambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wengine wa Kijerumani, akiwemo Johannes Hofmann, walifungua kituo Ikutha. Nao iliwabidi kulieleza deni lile lile, safari hii kwa Kikamba, mbele ya wazee waliokuwa bado wakiamua kesi za damu kwa mifugo.