Maisha ya Booker T. Washington, Mwalimu wa Kichwa na Mikono

Kila mwaka twaulizana: kijana aliyemaliza shule atafanya kazi gani? Swali hili alilikabili Booker T. Washington zamani, na maisha yake yafaa kukumbukwa.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 1856. Baada ya utumwa kukomeshwa alifanya kazi katika matanuru ya chumvi na migodi ya makaa, huku akijifunza kusoma. Mwaka 1872 alisafiri hadi shule ya Hampton, akafika na fedha kidogo tu. Mtihani wake ulikuwa kufagia chumba. Alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, akakubaliwa.

Tarehe 4 Julai 1881 alifungua shule ya Tuskegee, Alabama, kwa wanafunzi 30. Wazazi wengi walinung'unika, wakisema watoto wao wameletwa kusoma vitabu, si kushika jembe. Yeye hakurudi nyuma. Wanafunzi walilima, wakajenga, wakafyatua matofali. Tanuru la kwanza, la pili na la tatu yaliharibika. Ndipo alipoweka rehani saa yake kwa dola 15, na tanuru la nne likafaulu. Saa hakuikomboa kamwe, lakini majirani, hata Wazungu, walikuja kununua matofali ya shule ile.

Hata hivyo walikuwako waliompinga. Mwaka 1903 msomi W. E. B. Du Bois alimlaumu kwa kutanguliza ufundi na kunyamazia haki za kura na elimu ya juu. Nasi twaijua hoja hiyo. Tume ya Phelps-Stokes ilipofika Kenya mwaka 1924, na shule ya Jeanes ilipoanzishwa Kabete mwaka 1925 kwa kufuata mfano wa Marekani, wazee wengi walihofu kwamba elimu ya mikono ingekuwa kisingizio cha kuwanyima watoto wao elimu kamili.

Booker T. Washington alifariki tarehe 14 Novemba 1915, akiacha shule yenye majengo zaidi ya 100.

Basi tuchukue lililo jema kwake, wala tusisahau onyo la Du Bois. Mwana asomeshwe kadiri ya akili yake, na asione haya kushika tofali. Elimu ya namna hiyo haimwachi mtu mlangoni pa wengine akiomba kazi.