Hiram Walker: Muuza duka aliyeipa wiski ya Kanada jina

KUNDI la marafiki wa Mwananyamala au Mbagala likichanga fedha na kuweka mezani wiski mbili za Kanada, moja ya bei nafuu na nyingine ya bei ya juu, ubishi hauchelewi kuanza. Sheria ya Kanada inataka wiski ikae kwenye pipa la mbao si chini ya miaka mitatu, hivyo hata ile ya bei nafuu imesubiri. Ya bei ya juu mara nyingi imesubiri zaidi, na kusubiri ni gharama: mtaji umelala ghalani, na kila mwaka sehemu ya kinywaji hupotea kwa kuvukiza. Mmoja wa waliowazoesha wanywaji kulipia kusubiri huko alikuwa muuza duka, Hiram Walker.

Walker alizaliwa Julai 4, 1816 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1838 alihamia Detroit, mji uliokuwa ukikua haraka kwenye ukingo wa mto unaotenganisha Marekani na Kanada. Huko duka la vyakula ndilo lililomsimamisha. Alifanya biashara ya nafaka, akatengeneza siki, na kutoka kwenye siki akaingia kwenye wiski.

Mwaka 1855 jimbo la Michigan lilipiga marufuku pombe. Wafanyabiashara wanaokumbuka viroba vilivyopigwa marufuku hapa nchini Machi 2017 wanajua maana ya kuamka na kukuta bidhaa ya jana imekuwa haramu. Walker alivuka mto. Alinunua ekari 468 upande wa Kanada, akajenga kiwanda cha wiski na kinu cha unga, na mwaka 1858 kazi ikaanza.

Hapo ndipo mfugaji anapaswa kusoma taratibu. Nafaka ikishatoa pombe hubaki machicha, na Walker hakuyamwaga. Aliyalisha ng'ombe na nguruwe wake, kama wafugaji wa pembezoni mwa Dar es Salaam wanavyotumia machicha ya bia. Unga na mifugo viliuzwa mapema. Wiski ilibaki kwenye pipa. Bila mapato hayo ya haraka, ni vigumu kuona mtu angewezaje kuacha fedha zilale miaka mitano.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yake. Wakati huo wiski nyingi ziliuzwa kwa pipa zikiwa changa, na muuza rejareja aliweza kuongeza maji au chochote alichotaka. Mnywaji hakujua amlaumu nani. Miaka ya 1880 Walker alitoa Club Whisky, iliyokaa kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua mitano, ikiwa kwenye chupa yenye jina la mtengenezaji. Ilipendwa mno Marekani. Washindani wa huko wakadai wiski ya kigeni itaje nchi ilikotoka, wakitumaini kuwa wateja wangeikimbia. Walker akaweka neno la Kanada kwenye lebo, na mauzo hayakushuka. Hivyo ikawa Canadian Club.

Serikali ya Kanada nayo ilikuja na sheria ya kuzeesha wiski. Kufikia 1890 kima cha chini kilikuwa miaka miwili. Kwa Walker, aliyekwisha kuzoea mitano, sheria hiyo iliwabana wengine zaidi.

Kuzunguka kiwanda kulikua mji, Walkerville, wenye nyumba, maji na zimamoto vya kampuni, na Walker akajenga reli ya kufika mashambani. Wafanyakazi walipata huduma ambazo wengi hawakuwa nazo, lakini mwajiri na mwenye nyumba akiwa mtu mmoja, anayegombana naye kazini ana mashaka hata na mahali pa kulala.

Mwenyewe aliishi Detroit kwa miaka mingi, akivuka mto kwa boti kwenda kazini. Alifariki dunia huko Januari 12, 1899. Mwaka 1926 familia iliuza kampuni kwa dola milioni 14 kwa Harry Hatch, na mwaka 1935 Walkerville ikaunganishwa na mji wa Windsor.