Oleg Losev: Tarishi Aliyeichunguza Nuru Baridi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii hutujia akilini tunapomtazama fundi wa soko la Kiritiri, kule Mbeere katika Kaunti ya Embu, akiletewa taa ya LED iliyozimika. Hubandua kifuniko, akaichomoa bodi na kuisoma kinyumenyume. Hapa umeme unaingia. Hapa diodi nne zinaufanya utiririke upande mmoja. Hapa kapasita inautuliza. Hapa kijidude cheusi kinaudhibiti mkondo. Mwisho zipo diodi za mwanga, zimetungwa mfululizo kama shanga. Moja ikiungua, mfululizo wote hukatika, na mara nyingi doa jeusi humwonyesha fundi iliyokufa. Hana mchoro wa kiwanda. Huufumua ufundi wa mwingine ili ajue ulivyofumwa.

Lakini je, akifika kwenye ile diodi yenyewe, ataifumuaje? Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyeliuliza swali hilo kabla ya kuwapo kiwanda chochote cha taa hizi.

Oleg Vladimirovich Losev alizaliwa tarehe 10 Mei 1903 katika mji wa Tver, nchini Urusi. Angali mwanafunzi wa shule, alivutiwa na redio, nayo ikawa shughuli ya maisha yake yote. Baada ya masomo ya sekondari alikwenda Nizhny Novgorod, palipokuwa na maabara mashuhuri ya redio, akaanza kazi kama tarishi. Kijana huyo wa kubeba barua hakuwa na shahada. Alichokuwa nacho ni jicho lisilopita juu ya vitu na mkono usiochoka kujaribu.

Redio nyingi za wakati huo zilinasa mawimbi kwa kipande cha fuwele kilichoguswa na ncha ya waya. Mnamo mwaka wa 1922, Losev aligundua kuwa fuwele ya zinki oksidi, ikipewa umeme kwa namna maalumu, haikunasa mawimbi tu bali pia iliyakuza. Chombo alichokiunda kwa njia hiyo kiliitwa kristadini. Sifa zake zilivuka mipaka, na mwaka wa 1924 majarida ya redio ya Marekani yaliwaeleza wasomaji wao habari za kijana huyo, ambaye umri wake haukuzidi miaka 21.

Katika kuchunguza fuwele hizo, aliona jambo lingine. Fuwele ya silikoni kabaidi ilipopitishiwa mkondo, ilitoa nuru hafifu pale ilipoguswa na waya. Haki inatudai tuseme kwamba Mwingereza Henry Round alikuwa ameiona nuru kama hiyo na kuitolea taarifa fupi mwaka wa 1907. Tofauti ni kwamba Round aliitaja akaendelea na mengine, ilhali Losev, aliyeiona kivyake, alikaa nayo miaka mingi.

Swali lake la kwanza lilikuwa la msingi: je, nuru hiyo ilitokana na joto, kama ya waya unaowaka ndani ya balbu? Alidondosha tone la benzini juu ya sehemu iliyong'aa, akangoja. Tone lilikauka polepole. Nuru ilikuwa baridi. Alitambua pia kuwa iliwaka na kuzimika kwa kasi kubwa, akawaza kuwa ingeweza kubeba ujumbe. Mwaka wa 1927 alichapisha matokeo yake katika jarida la Kirusi na kuomba hataza ya chombo cha kupeleka habari kwa mwanga. Mwaka uliofuata makala yake ilitokea kwa Kiingereza katika jarida la Philosophical Magazine.

Dunia ilisoma, kisha ikasahau. Nadharia ambayo ingeeleza barabara yanayotokea ndani ya fuwele kama hizo ilikuwa ingali changa. Losev alihamia Leningrad, na hatimaye akawa mwalimu wa fizikia katika taasisi ya tiba. Mwaka wa 1938 alitunukiwa shahada ya juu bila kuandika tasnifu, kwa uzito wa kazi alizokwisha kuzichapisha. Miaka mitatu baadaye majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji huo. Chakula kikakatika, na watu wakafa kwa maelfu. Losev alifariki kwa njaa tarehe 22 Januari 1942, akiwa na umri wa miaka 38.

Mwaka wa 1962 Nick Holonyak wa Marekani alionyesha diodi ya mwanga mwekundu. Waliofanikisha diodi angavu ya buluu, ambayo ndiyo msingi wa taa nyeupe za leo, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2014. Losev hakuushuhudia wakati huo.

Maisha haya yanatufunza nini sisi wanafunzi wa Kiswahili? Kwanza, elimu haianzi na cheti. Fundi wa Kiritiri na tarishi wa Nizhny Novgorod wanashiriki tabia moja, ile ya kutoridhika kuona kitu kinafanya kazi bila kuuliza kwa nini. Pili, Round aliona, Losev akaeleza, na ni maelezo yanayorithiwa. Mafundi wetu hueleza kazi yao kwa Kiswahili kila siku, lakini maelezo hayo huishia kibandani kwa kukosa mwandishi. Mbeere imepakana na mabwawa ya Mto Tana yanayozalisha umeme, tangu Kindaruma lililozinduliwa mwaka wa 1968. Ni aibu kwetu ikiwa umeme huo utafika darasani kabla ya lugha ya kuueleza. Kazi ya kukusanya istilahi za mafundi hao na kuziandika ni yetu, nasi hatuna budi kuianza.