Wahome Mutahi: Mkuu wa tarafa aliyegeuka mcheshi wa umma

MIAKA ya themanini na tisini, Wakenya wengi walionunua gazeti la Jumapili walianza na safu ya Whispers kabla ya kugeukia habari za siasa. Mwandishi wake, marehemu Wahome Mutahi, aliaga dunia Julai 22, 2003, akiwa na umri wa miaka 48.

Mutahi alizaliwa Oktoba 24, 1954 wilayani Nyeri. Alisoma katika seminari akinuia kuwa padri, lakini wito huo haukutimia. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliajiriwa na serikali, akawa mkuu wa tarafa.

Kazi hiyo ilimfungulia mlango wa utawala. Mfumo ulikuwa mmoja, iwe Elwak kwenye mpaka wa Somalia au kijijini Nyeri: wananchi walishinda juani wakimngoja mkubwa, neno la chifu likawa sheria, na haki ndogo ikahitaji kitu kidogo. Mutahi aliuacha wadhifa huo akajiunga na uanahabari, akiwa amekwisha kuziona hila za wakubwa kutoka ndani.

Katika Whispers alijichora kama mlevi mwoga anayemhofu mkewe, Thatcher, na kusumbuliwa na wanawe, Pajero na Whispers Junior. Wasomaji walicheka mambo ya nyumbani, kumbe nyuma ya kicheko hicho ilisimuliwa nchi iliyotawaliwa kwa vitisho.

Utawala nao haukucheka. Mwaka 1986, wakati wa msako dhidi ya kundi la Mwakenya, alikamatwa na kuzuiliwa katika jumba la Nyayo House, Nairobi, kisha akafungwa gerezani. Mateso ya wafungwa wa kisiasa aliyageuza riwaya, Three Days on the Cross, iliyochapishwa 1991. Jail Bugs ikafuata mwaka 1992.

Nchini Senegal, Sembene Ousmane aliwakejeli wakubwa kwa filamu, mathalani Xala ya mwaka 1975. Mutahi alitumia jukwaa la baa. Kulikuwa na sababu ya tahadhari: mwaka 1982 serikali ilibomoa ukumbi wa Kamirithu, Limuru, ambako wanakijiji walikuwa wakiigiza kwa Kikuyu. Hata hivyo, Mutahi alipeleka michezo ya Kikuyu kwa walalahoi mezani pao. Mũgaathe Mũbogothi, yaani mtukufu anayeweweseka, ulimkejeli kiongozi aliyelewa madaraka hadi akapoteza fahamu za utawala.

Hata raia hakusazwa. Katika kitabu How to be a Kenyan cha mwaka 1996, Mutahi alimwonyesha Mkenya anayelaani ufisadi huku akitafuta njia ya mkato. Hapo ndipo penye uzito wa kazi yake: alitambua kwamba mkubwa mdogo wa mji mdogo hustawi kwa sababu majirani humpigia makofi.

Desemba 2002, Rais Daniel arap Moi aliondoka madarakani, na Mutahi akaushuhudia mwisho wa utawala uliomfunga. Hakupata muda mrefu wa kuwakejeli waliofuata. Miezi michache baadaye alifanyiwa upasuaji, akapoteza fahamu na kulazwa kwa miezi kadhaa hadi mauti yalipomfika. Aliacha wasomaji waliojifunza kumcheka mkubwa waliyezoea kumwogopa, na kujicheka wenyewe pia.